Diski Iliyoanikwa Juani

Hebu niambie wewe uliyekaa hapo: kitu ambacho kikipotea hukipati tena, umekiweka wapi? Usijibu upesi. Bi Masika wa Wawi naye alikuwa akijibu upesi, tena kwa fahari. Angekuonesha sanduku la mvule chini ya kitanda chake, lenye kufuli ya shaba, na ufunguo ameufundika kwenye pindo la kanga aliyojifunga. Ndani ya sanduku mlikuwa na hati ya shamba la mikarafuu, buibui la marehemu mama yake, na doti za kanga ambazo hazijakatwa. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa bafta, ilikuwamo diski ndogo nyeusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu.

"Humo mna wanawake," alikuwa akisema, na maneno hayo yalitosha kuwafanya wanaume wa nyumba wasiulize tena.

Na kweli mlikuwa na wanawake. Mlikuwa na arubaini ya mjukuu wake Moza, siku mtoto alipotolewa nje kwa mara ya kwanza. Wanawake walijifungia uani, mashungi yakawekwa pembeni, nywele zikafunguliwa, kasida zikasomwa, na mwisho ngoma ikapigwa mpaka beseni likapasuka. Katikati yao alikaa Ruweida, binti wa pekee wa Bi Masika, mtoto mapajani, hina mikononi haijafifia. Aliyeshika kamera ya video alikuwa Kauthar, mwanamke mwenzao, maana shughuli ya wanawake haipigwi picha na mwanamme.

Na ilikuwapo desturi ambayo Bi Masika aliishika kwa meno. Mpiga picha akishamaliza na kuziweka kwenye diski ya mwenye nyumba, anafuta za kwake palepale, mwenye nyumba akiwa anatizama. Kauthar alifuta. Kabla hajafuta aliuliza, "Nisibakishe hata kidogo, Bi Masika? Kitu kimoja kina roho moja." Bi Masika akamjibu, "Futa mwanangu. Stara haina pacha."

Moza alikuwa hajang'oa jino hata moja pale mama yake alipofariki katika uzazi wa pili, yeye na kichanga chake. Baba yake, mvuvi wa Fundo, alioa tena huko huko, akawa anakuja Ijumaa na samaki wake na salamu zake. Mtoto akabaki Wawi na bibi yake. Na diski ikabaki sandukuni.

Tangu siku ya mazishi Bi Masika hakuthubutu kuifungua. Alikuwa akijiambia ataitizama moyo ukitulia, na moyo haukutulia. Lakini kuitunza aliitunza. Kila ukiingia mwezi wa Shaabani, anafungua sanduku na kuanika kila kilichomo, ili vitu visiote ukungu wala kunuka uvundo. Anatandika jamvi uani, lile lile la kuanikia karafuu, anapanga kanga huku, buibui kule, na pale penye jua zuri anaiweka diski. Adhuhuri anaigeuza upande wa pili, kama mtu anavyogeuza samaki wa kuanika. Wingu likitanda anaikimbilia hiyo kwanza, kabla ya karafuu. Jioni anawasha chetezo, anavifukiza vitu vyote udi, na diski anaishika juu ya moshi kwa vidole viwili, polepole, huku akimsomea marehemu Fatiha. Kisha anairudisha kwenye bafta.

Mtu wa kumwambia kuwa anaiua hakuwapo, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuwapo.

Mwanawe wa kiume, Hafidh, mfanyakazi wa ofisi moja Chake Chake, alijaribu zaidi ya mara moja. "Mama, nipe niinakili kwenye kompyuta yangu. Sitatizama, wallahi. Nitafumba macho."

"Ukifumba macho utabonyezaje?"

"Basi Moza abonyeze."

"Na hiyo kompyuta yako huifungui mbele ya wenzako ofisini? Kesho dadaako na mashangazi wapo vichwa wazi kwenye meza ya karani. Niache, Hafidh."

Moza naye aliomba, tangu hajui kusoma. Bibi alimpa jibu moja lisilobadilika: "Siku utakayotoka nyumba hii, utatoka nayo. Uolewe au usafiri, itakuwa yako. Bado mdogo, utaivunja."

Mtoto akatulia. Alikuwa mtoto wa kutulia, na wakubwa tuna tabia ya kudhani anayetulia ameridhika.

Basi Moza akamaliza skuli, akafaulu, akapata nafasi ya kusoma uuguzi Unguja. Siku aliyopata habari, Bi Masika hakusubiri kuombwa. Alifundua ufunguo kwenye pindo, akavuta sanduku, akatoa mfuko wa bafta, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu msahafu.

"Ahadi yako hii."

Moza aliibusu. Akaileta ukumbini, akaichomeka kwenye kompyuta aliyonunuliwa na mjomba wake. Kitaa cha diski kikawaka, kikazima. Ndani yake kitu kikalia tik, tik, tik, kama mjusi ukutani, kikanyamaza. Akachomoa, akachomeka tena. Tik, tik, tik.

"Labda inaona haya," alisema Bi Masika, akijaribu kucheka.

Moza hakucheka.

Walimpelekea fundi Jaribu, mwenye kibanda karibu na soko la Chake. Jaribu aliisikiliza sikioni, akaigeuza, akanusa. Akanusa tena.

"Bibi, hii diski mlikuwa mnapikia biriani?"

"Udi," alisema Bi Masika. "Na jua. Kila Shaabani."

Jaribu alikuwa kijana mcheshi, lakini pale aliacha utani. Alisema taratibu, kwa adabu, kuwa vitu hivi vinaogopa joto, na tena vinazeeka vyenyewe hata visipoguswa. Ipi iliyoiua, jua au moshi au miaka, yeye hawezi kusema. Aliipeleka Dar kwa wenye vyumba visivyoingia vumbi, wanaofungua diski kama daktari anavyofungua tumbo. Ikarudi na jibu lile lile, safari hii kwenye karatasi yenye muhuri.

Siku jibu liliporudi Bi Masika alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, na chakula kikarudi jikoni kama kilivyotoka.

Hafidh hakumlaumu mama yake kwa maneno. Alikuja Ijumaa iliyofuata baada ya sala ya alasiri, simu imejaa picha za vifaa, akakaa ukumbini mbele ya chai ya mchaichai na mkate wa mofa.

"Iliyokwenda imekwenda," alisema. "Lakini nyumba hii ina mengine. Hati ya shamba nimeipiga picha, iko kwenye simu yangu tu. Vyeti vya Moza. Picha za Ruweida zile za kawaida, za skuli na za Idi. Harusi zote. Simu ikitumbukia baharini, tumekwisha. Nataka tununue sava ya nyumbani."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sanduku, mama. Kama lako la mvule, ila hili ndani lina diski, na linaunganishwa na kile kidude cha intaneti chenye vitaa vya kijani. Kila mtu wa nyumba hii anaweka vitu vyake humo kwa simu yake, bila kuchomeka waya."

"Linapiga kelele?"

"Linavuma kidogo. Kama nyuki."

"Basi chumbani kwangu lisiingie. Nyuki ninao wa kutosha kichwani."

Hafidh akacheka, na hata Moza, aliyekuwa akiosha vikombe, akatabasamu akiwa ameuelekea ukuta. Bi Masika aliliona tabasamu lile kutoka nyuma, kwa namna mabega yalivyopanda. Lilikuwa la kwanza tangu diski irudi.

Hafidh akaanza kuonesha. Kulikuwa na sanduku la diski moja, dogo, rahisi. Kulikuwa na la diski mbili, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, moja ikifa nyengine ipo hai. Na kulikuwa na njia ya kutonunua kitu kabisa, ukaweka vitu vyako mtandaoni kwa kampuni, ukalipia kila mwezi.

"Kampuni ya wapi?"

"Mashine zao ziko nchi za mbali."

"Stara yetu ikalale kwa watu tusiojuana hata kwa salamu?"

"Inafungwa kwanza, bibi," alisema Moza, akipangusa mikono. "Wao wanabeba sanduku tu, ufunguo unabaki kwako."

"Hmm."

"Mie naona hili la diski moja linatutosha," alisema Hafidh. "Vitu vyenyewe si vingi. Tatizo lilikuwa jua, na hili halitaanikwa."

Bi Masika alikata mofa, akaichovya kwenye chai, akaiacha ikae humo mpaka ikalainika na kuvunjika. Alikuwa akitizama vipande vikizama.

"Kauthar aliniambia," alisema. "Kitu kimoja kina roho moja. Chukua la mbili."

"La mbili peke yake nalo halitoshi," alisema Moza. Alikuja akakaa chini kwenye busati, miguu ameikunja, akiongea na mjomba wake lakini akimtizama bibi. "Nimesoma. Diski mbili ndani ya sanduku moja ni kama ndugu wawili kwenye ngalawa moja. Wezi wakija, moto ukitokea, umeme ukirudi kwa nguvu, zinakwenda pamoja. Lazima nakala moja ikae mbali na nyumba hii. Nitakaa nayo mimi Unguja. Na lazima mara kwa mara mtu afungue atizame kama vitu vipo kweli. Diski isiyofunguliwa hujui kama unaweka kitu au unaweka maiti."

Alilisema bila ukali. Alilisema kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Lakini likapita ukumbini kama upepo wa baridi, na Hafidh akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Ndipo Bi Masika alipokumbuka mihogo. Maisha yake yote, akivuna mhogo mzuri, alikata vijiti vya mbegu akampa jirani wa juu na jirani wa chini, na vyengine akavipeleka mpaka kwa dada yake Makoongwe, ng'ambo ya maji. Hakuna aliyemfundisha darasani. Mama yake alimwambia kumnyima mtu mbegu ni kujinyima mwenyewe: nguruwe wakila shamba lako, utakwenda kuomba mbegu yako mwenyewe kwa uliyempa. Na mara mbili au tatu alikwenda, akapewa, akapanda, wala hakuona ajabu. Kwa mhogo alikuwa na akili hiyo. Kwa mwanawe, sauti ya mwanawe, akaiweka mbegu moja chini ya kitanda na kuikalia.

"Na wanawake?" aliuliza. "Wakiweka shughuli zao humo, Hafidh ataona?"

"Kila mtu ana chumba chake humo ndani na neno lake la siri," alisema Hafidh. "Chumba cha wanawake mimi hata mlango wake siuoni kwenye simu yangu. Neno la siri mtakuwa nalo wewe na Moza."

"Kumbe linawezekana."

"Linawezekana, mama."

"Basi nunua. Na hiyo nakala ya Unguja nimeikubali. Leo nakubali stara iwe na pacha, iwe na watatu."

Hafidh alifungua mdomo. Bi Masika aliliona neno likija, *ungesema hivi zamani*, akalisubiri kama mtu anayesubiri kofi analostahiki. Mwanawe akalimeza, akanywa chai iliyopoa.

Sanduku lilikuja na boti kutoka Unguja. Jaribu alikuja kulifunga mwenyewe, na betri yake ya kuzuia umeme usilishtue. Walilipa nafasi kwenye rafu ya ukumbini, mbali na dirisha. Bi Masika alikwishaandaa kitambaa alichokitia nakshi za waridi, akakitandaza juu yake.

"Usilifunike, bibi. Linahitaji kupumua."

Akakiondoa. Kisha akachukua na chetezo kilichokuwa pembeni, akakipeleka nje kwenye baraza ya uani.

"Na udi nitafukizia huko."

"Ahsante, bibi."

"Usinishukuru. Nimechelewa."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ina shughuli. Wanawake wa Wawi walileta kadi zao na simu zao kuukuu, Moza akiwaingizia harusi zao na maulidi yao katika chumba cha wanawake, mlango umefungwa, mashungi chini, vicheko juu. Kauthar naye alikuja. Mvi zimemwingia sasa, macho hayashiki kamera. Bi Masika alimngojea mlangoni, akamvuta pembeni.

"Kauthar, niambie kweli. Hukubakisha hata kipande? Sitakasirika. Nitakubusu miguu."

Kauthar alimshika mkono. "Ulinisimamia mwenyewe, Bi Masika. Nilifuta mbele yako. Mtu wa haki kama wewe, ningekudanganya vipi?"

Na hilo, kuitwa mtu wa haki, ndilo lililomchoma kuliko lawama yoyote.

Kabla ya Moza kusafiri, Bi Masika aliomba afundishwe kufungua chumba cha wanawake kwa simu. Alijifunza pole pole, kwa kidole kimoja, kama alivyojifunza herufi utotoni. Akaviona vifolda vimepangwa, kila kimoja na jina la mwenyewe. Kimoja kiliandikwa Ruweida. Akakigusa. Kikafunguka cheupe, hakina kitu.

"Hiki mbona kitupu?"

"Ndicho hicho, bibi," alisema Moza. "Nimekitengeneza tu."

Bi Masika aliitizama ile nyeupe. Kisha akaketi vizuri, akajifunga kanga kiunoni kama anayeanza kazi.

"Washa hiyo simu yako inayonasa sauti. Diski imekufa, lakini mie nilikuwepo. Nitakuhadithia yote, uweke humo."

Moza akawasha, akaiweka simu juu ya mto baina yao. Na Bi Masika akaanza. Alieleza kanga aliyovaa Ruweida, ya rangi ya zambarau, na maandishi yake. Alieleza halua iliyotoka Wete na jinsi ilivyoganda kwenye sinia. Nani alikaa karibu na nani, nani hakualikwa akaja. Alieleza beseni lilivyopasuka na aliyelipasua alivyolificha nyuma ya tangi. Alifika pale Ruweida aliponyanyua mtoto juu, akamwita kwa jina, na wanawake wote wakaangua kicheko. Akapita, akaendelea na wali.

"Bibi."

"Nimesahau sambusa. Sambusa alikaanga..."

"Bibi, rudi nyuma."

Bi Masika akaziacha sambusa. Simu iliendelea kunasa, na kwenye rafu sanduku lilivuma kama nyuki. Moza alikuwa ameshika pindo la kanga ya bibi yake, lile la ufunguo, ambalo sasa halikuwa na kitu.

"Kila mwanamke wa Wawi ananiambia, mamaako alikuita siku ile tukacheka mpaka tukalia. Wote wananiambia walicheka. Hakuna anayenionesha aliniitaje. Sikuwa nataka sura yake, bibi, picha zake ninazo. Sikuwa nataka ngoma wala kanga. Tangu nina akili, kila nilipokuomba diski, nilitaka kusikia sauti yake ikiniita tu." Akaisogeza simu karibu na mdomo wa bibi yake. "Wewe ulikuwapo hapa hapa, na mie sikujua kama naweza kukuomba. Niite alivyoniita."